Moja Kumi na Moja

Nianze na namba yenyewe, maana ndiyo iliyokula miaka yetu. Andika moja. Andika nyingine kando yake, bila nafasi. Endelea hivyo mpaka ziwe kumi na moja: 11111111111. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni ua wa miti. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuiandika bila kukosea. Mume wangu alikaa nayo tangu ujana wake mpaka mvi zikaanza, mimi nilikaa nayo pamoja naye, na mimi ndiye niliyeiharibu. Nitasema nilivyoiharibu. Nimechoka kuibeba peke yangu.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari ya harambee upande wa Kisian, mwalimu asiye na cheti. Kila mtu alimwita Mwalimu, nami pia. Yeye aliniita Nyar Kano, yaani binti wa Kano, kwa sababu kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la alikotoka. Tulipewa nyumba ya shule: vyumba viwili, bati linalovuja, na dirisha moja zuri ambalo nililinyakua siku ya kwanza nikaweka cherehani yangu hapo. Nilishona sare za wanafunzi. Niliishia kidato cha nne, lakini kwa hesabu nilikuwa sichezewi, na nadhani hilo ndilo lililomfanya anioe. Uzuri sikuwa nao wa kumsumbua mtu.

Alikuwa amefika chuo kikuu, Nairobi. Wa kwanza kutoka kijiji chao, karibu na Luanda Kotieno. Baba yake aliuza fahali wawili ili aende. Mwaka wa kwanza haukuisha. Kulitokea fujo, chuo kikafungwa, wanafunzi wakaamriwa warudi makwao. Kilipofunguliwa, wenzake waliitwa kwa barua mmoja mmoja. Yeye hakuitwa. Hakuwa amerusha jiwe wala kuimba wimbo wowote, siku ya fujo alikuwa maktaba, lakini barua haikuja, na hakuna ofisi iliyokubali kumwambia kwa nini. Aliandika, akaandika, akachoka.

Sasa sikiliza. Katika somo la mwisho alilohudhuria, mhadhiri wao aliandika ubaoni moja kumi na moja mfululizo, akageuka, akauliza, "Hii inagawanyika, au haigawanyiki? Tutaijibu wiki ijayo." Wiki ijayo haikuwapo. Mwalimu alirudi nyumbani na sanduku la bati na swali hilo.

Miaka ikapita, akamwandikia mhadhiri yule yule kumwomba msaada wa kurudi. Jibu lilikuja fupi, la heshima: nionyeshe kazi yako mwenyewe, kazi iliyokamilika, nami nitasimama nawe mbele ya kamati. Barua hiyo aliikunja ndani ya Biblia. Hakumwuliza mhadhiri ni kazi gani. Yeye alishaijua. Angeijibu ile namba, na namba ingemrudisha chuoni.

Alinieleza mambo haya wiki ya kwanza ya ndoa yetu, kwa chaki, kwenye mlango wa jikoni. Moja mbili ni kumi na moja: haigawanyiki. Moja tatu, 111, ni tatu mara thelathini na saba. Moja nne ni kumi na moja mara mia moja na moja. Moja tano ni arobaini na moja mara mia mbili sabini na moja. "Piga mwenyewe," akasema. Nikapiga, zikatoka moja tano zimepangana, nikacheka kwa sauti. Moja saba zinaingiliwa na 239. Idadi ya hizo moja ikiwa shufwa, kumi na moja inaingia. Idadi ikigawanyika kwa tatu, tatu inaingia. Lakini zikiwa kumi na moja hakuna njia ya mkato aliyoijua, na Kisumu nzima hakukuwa na mtu wa kumwambia.

"Mimi naona haigawanyiki," alisema. "Moja mbili zimekataa. Hizi kumi na moja nazo zitakataa. Kazi yangu ni kuhakikisha."

Kuhakikisha kwenyewe, jameni. Alitaka kuijaribu kwa kila namba tasa, yaani kila namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, kuanzia tatu mpaka laki moja na elfu tano na ushei. Hapo ndipo kipeuo chake cha pili kilipo. Ukipita hapo unaweza kulala, kwa sababu kigawanyo chochote kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo ambaye ungekuwa umeshakutana naye njiani. Nikamwuliza namba tasa ziko ngapi kufika hapo. Akasema zimezidi elfu kumi.

"Elfu kumi! Mwalimu, una wazimu?"

"Nane kwa siku," akasema. "Nane tu, Nyar Kano. Mtu hashindwi na nane."

Kalkuleta tuliyoazima kwa mwalimu mkuu ilikuwa na nafasi ya tarakimu nane. Tulipojaribu kuiingiza namba yetu iligoma kwenye ile ya nane, ikakaa hapo ikitutazama. Mwalimu alifurahi mno. Aliirudisha jioni ile ile, akasema kumbe hata mashine haina kifua cha kuibeba. Tukabaki na kalamu.

Kwanza alitengeneza orodha ya namba tasa, na hiyo peke yake ilichukua mwaka. Aliiandika katika daftari kubwa, nene, la mistari, ishirini kwa kila ukurasa, upande mmoja tu wa karatasi, upande wa nyuma akaacha mtupu kwa ajili ya masahihisho. Hilo tuliliita daftari la orodha. Kisha kulikuwa na madaftari ya kazi, yale ya mraba ya shule. Asubuhi kabla ya kengele, yeye aligawanya. Mchana, nikishaweka kando sare, mimi nilihakiki: nilizidisha jibu lake kwa kigawanyo, nikajumlisha baki, na lazima zirudi moja kumi na moja. Zikirudi, natia tiki nyekundu. Zisiporudi, namwita kwa ukali, na yeye anakuja akiwa amenywea, hata kama ana wageni.

Kugawanya namba ile kuna mdundo wake. Kila hatua unashusha tarakimu inayofuata, na inayofuata siku zote ni ile ile. Shusha moja. Shusha moja. Binti yetu wa kwanza alijifunza kusema "shusha moja" kabla hajajua kusema maji. Nilikuwa nikisikia hivyo kupitia ukuta wa matope nikipepeta mtama, na nakiri, nilikuwa na furaha. Sikujua kwamba ile ndiyo furaha yenyewe, nilidhani ni maandalizi.

Tulichokiombea ni baki. Kila namba iliyobakisha kitu, hata kama ni mbili, ilikuwa imeshindwa kuingia, na sisi tumesogea. Sifuri ndiyo tuliyoiogopa. Nilimwuliza siku moja: ikigawanyika, si pia ni jibu? Akafikiri, akasema ndiyo, ni jibu, lakini hilo mtu anaweza kuliokota njiani. Kutogawanyika ndiko kunakoonyesha kwamba umefanya kazi. Nikamwambia shauri yako.

Baba yake, tuliyemwita Jaduong', yaani mzee, kwa heshima, hakusoma hata siku moja. Lakini kila tulipokwenda Luanda Kotieno, kabla ya kuuliza habari za watoto, aliuliza habari za namba.

"Haijakubali kugawanywa?"

"Haijakubali, Baba."

"Ishikilieni hapo hapo. Unataka niende kaburini bila kukuona umevaa joho la chuo?"

Alikuwa akisema hivyo akicheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa akitoka nje, anasimama kuangalia feri ikiondoka kwenda Mbita, na mimi najua alikuwa akihesabu siku.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa pili wa kugawanya. Tulikuwa tumepita elfu ishirini na moja. Tulikwenda kwao na madaftari yetu ndani ya mfuko wa sukari, kama kawaida, kwa kuwa nane kwa siku haikujua likizo. Siku ya tatu Jaduong' alianguka kando ya zizi asubuhi na mapema. Kufika saa nne alikuwa ameshatutoka.

Aliye na watu wengi huko lazima atangazwe redioni, la sivyo nusu ya ukoo itasikia baada ya mazishi na lawama hazitaisha. Tangazo linaandikwa kwenye karatasi: jina la marehemu, mume wa nani, baba wa nani, ndugu wa nani, jamaa walioko Nakuru, walioko Mombasa, wote wafike. Halafu mtu analipeleka kwenye ofisi ya redio mjini Kisumu, na jioni linasomwa. Siku ile kulikuwa na gari la samaki linaloondoka sasa hivi kwenda mjini, injini inanguruma, dereva anapiga honi. Na mwenye mwandiko mzuri pale nyumbani nilikuwa mimi.

"Karatasi!" mashemeji wanapiga kelele. "Mama, karatasi! Gari linatuacha!"

Nyumba nzima haikuwa na karatasi. Mwalimu alikuwa ameketi chini kando ya baba yake, hasikii mtu. Nikakimbilia mfuko wa sukari. Daftari la kazi sikuthubutu kuligusa. Heri nikatwe mkono. Nikachukua daftari la orodha, nikafungua mbele ya pale tulipofika, nikaona ukurasa wa nyuma mweupe, safi, nikauchana. Nilijiambia: hii ni orodha tu, orodha inaandikwa tena. Nikaandika tangazo nikiwa nimesimama, mgongo wa mtu ukiwa meza yangu. Nilitaja watu wote, sikumsahau hata mmoja. Gari likaondoka. Jioni tulilisikia redioni, sauti ya mtangazaji ikisoma maneno yangu, na wanawake wakaanza kulia upya. Mimi pia nililia. Upande wa pili wa karatasi ile kulikuwa na namba tasa ishirini ambazo sikuzitazama.

Huko kwetu, mwenye mji akifa, kazi inasimama. Jembe haliguswi, sindano haiguswi. Magogo yanawashwa uani, watu wanakaa, mpaka azikwe, mpaka siku zitimie, mpaka waliofiwa wanyolewe na wazee watoe ruhusa. Mwalimu alimwuliza mjomba wake kama hesabu nayo ni kazi. Mjomba akamwuliza, "Unatumia mkono?" Akasema ndiyo. "Basi ni kazi." Kwa hiyo madaftari yalikaa ndani ya mfuko wiki tatu.

Tuliporudi Kisian niliona kwamba karatasi niliyoichana ilikuwa na mwenzake upande wa pili wa daftari, na huyo mwenzake sasa amelegea, anataka kudondoka. Nikamshona. Nilimtia mishono mitano ya uzi mweupe, midogo midogo, kwa mkono, na nikakibana kile kipande kilichobaki kisionekane. Sitadanganya: nilishona vizuri kuliko nilivyopaswa. Nilimwogopa Mwalimu. Si kupigwa, hakuwahi kunipiga, niliogopa uso wake. Alikuwa hali chakula tangu msiba. Nikajiambia nitamwambia Jumapili.

Jumatatu alikaa mezani, akafungua orodha. Namba ya mwisho ya ukurasa ilikuwa 21,599. Akafunua. Ya kwanza iliyofuata ilikuwa 21,803. Zote zinapanda, zote zina mwandiko wake. Mtu aliyefiwa hawezi kuona shimo la namba kama hilo. Aligawanya nane, akala sahani nzima ya ugali na omena. Ningemwambia nini? Jumapili ikapita.

Miezi kadhaa baadaye dhamiri ilinisumbua mpaka nikakosa raha na cherehani. Tulikuwa tumefika elfu ishirini na sita. Nikaamua kuziba lile shimo kimya kimya, peke yangu, mchana akiwa darasani. Nilizitafuta zile namba tasa mwenyewe, moja moja, kwa jasho: 21,601. 21,611. 21,613. 21,617. 21,647. Nikazigawanya zote tano kwenye karatasi ya kukatia vitambaa. Shusha moja, shusha moja. Zote zikabakisha. Kisha mtoto akapata malaria, kisha ikaja Januari na sare za watoto wote wa kidato cha kwanza, na ile karatasi nikaikunja nikaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Zilibaki kumi na tano. Nikasema moyoni: ishirini kati ya elfu kumi ni nini? Elfu mbili zimeshakataa. Hizi nazo zinakataa, si ni dhahiri?

Baada ya hapo ilikuwa miaka minne. Miaka minne kamili, nane kwa siku tulipoweza, siku za homa nne, na majuma ya mitihani na ya sare hatukufanya hata moja. Binti wa pili alizaliwa. Magugu maji yalianza kuonekana ziwani, watu wakasema ni maua mazuri. Mwalimu alianza kuvaa miwani iliyonunuliwa sokoni. Kidole chake cha kati kilipata sugu ya kalamu hata hakikunjiki vizuri. Walimu wenye vyeti walikuja, wakapandishwa, wakahama, yeye akabaki na mshahara wa asiye na cheti na hakulalamika, kwa sababu alikuwa anaondoka. Kila mwaka alikuwa anaondoka mwakani.

Siku aliyomaliza ilikuwa Jumamosi. Nilihakiki ya mwisho, nikatia tiki. Alininyanyua juu na uzito wangu wote. Jumatatu mwalimu mkuu alitangaza paredini, wanafunzi wakapiga makofi ingawa hawakujua wanapigia nini. Tulichinja kuku. Akaenda Luanda Kotieno peke yake, akasimama kwenye kaburi la baba yake, na aliporudi aliniambia alichosema: "Imekataa, Baba. Imekataa mpaka mwisho." Akapaka rangi lile sanduku la bati, rangi ya kijani. Kisha akaandika barua, kurasa sita, akaambatanisha daftari la kwanza na la mwisho, akaenda posta mjini kuziandikisha. Alivaa tai.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Aliletewa shuleni, akaja nalo nyumbani saa sita mchana, na hiyo haikuwa saa yake ya kuja. Alikuwa ameshaifungua barua. Aliketi kwenye kiti cha wateja wangu akanisomea, akitafsiri taratibu, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

Mhadhiri alisema anamkumbuka. Alisema analikumbuka pia lile zoezi, alilitoa kila mwaka. Jibu lake ni 21,649 mara 513,239, na limejulikana tangu zamani sana. Tena alieleza kwamba kigawanyo chochote cha namba ile, ukikigawanya kwa ishirini na mbili, lazima kibakishe moja, hivyo kati ya namba tasa zote alizojaribu, tisa katika kila kumi hazikuwa na haja ya kuguswa. Uthibitisho wake ni mistari michache. Hufundishwa mwaka wa pili. Alisema anasikitika, na kwamba uvumilivu wa namna hii ameuona mara chache. Habari za kamati hakuzitaja.

"Mwaka wa pili," Mwalimu akasema. Akaikunja barua. "Ningebaki mwaka mmoja tu, Nyar Kano. Wangeniambia darasani, saa tatu asubuhi, halafu ningeenda kunywa chai."

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye 21,649. Sikuhitaji daftari kujua iko wapi.

"Lete orodha," akasema.

Nikaleta. Ningefanya nini? Alifunua polepole mpaka 21,599. Akafunua. 21,803. Akarudi nyuma, akasoma tena, midomo ikitembea. Akalamba kidole akajaribu kutenganisha karatasi, akidhani mbili zimeshikana. Kisha kidole chake kikashuka kwenye mkunjo wa daftari, pale kwenye uzi, kikakaa hapo.

"Hizi za katikati," akasema, bila kuinua uso. "Wewe unakumbuka tuliziandika?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kusema. Mtu mwingine yeyote angesema. Nilitazama kichwa chake, mvi zake, ile sugu ya kidole, nikasema, "Sikumbuki, Mwalimu."

"Basi ni mimi niliruka," akasema. "Ni wakati wa msiba wa Jaduong'. Akili haikuwepo." Akafunga daftari, akaniomba maji ya kunywa, akarudi shuleni kufundisha kidato cha pili.

Mpaka leo sijui kama aliuona uzi ule. Naamka na swali hilo, nakula nalo. Kama hakuuona, alijilaumu kwa kosa langu maisha yake yote. Kama aliuona, alinisitiri, na hilo ni baya zaidi, maana alinipa nafasi ya kusema nikaikataa mbele ya macho yake.

Alipoondoka nilifungua droo. Karatasi ilikuwa pale chini ya vifungo, imekuwa ya manjano, na zile tano zangu zikiwa na baki zake. Namba tasa iliyofuata, ya sita, baada ya 21,647, ni 21,649. Zimepishana mbili tu. Ningekaa kwenye kiti kile dakika kumi zaidi mchana ule, ningeifikia. Nikachukua kalamu nikaigawanya chini ya zile tano. Mara tano, baki 2,866. Shusha moja. Mara moja, baki 7,012. Shusha moja. Mara tatu, baki 5,174. Shusha moja. Mara mbili, baki 8,443. Shusha moja. Mara tatu, baki 19,484. Shusha moja ya mwisho: 194,841. Mara tisa. Hakuna kilichobaki. Sifuri ile nilikuwa sijawahi kuiona kwa miaka yote, na sikujua hata pa kuitia tiki.

Utaniambia ingekuwa yale yale, jibu lilishajulikana, asingerudishwa chuo hata angelipata mapema. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini angelipata wiki ile ile ya baada ya msiba, angali kijana. Angeandika barua yake, angekatishwa tamaa yake, angelia, halafu angetafuta cheti cha ualimu kama wenzake. Mimi nilimwongezea miaka minne ya kungoja kitu ambacho hakipo, na namba elfu saba na ushei za kugawanya bure. Hiyo hesabu haina wa kunihakikia.

Hakuacha kazi. Alifundisha, alisahihisha, alicheka na binti zake. Lakini hakugusa tena hesabu ambayo haikuwa ya mtihani. Lile sanduku la kijani nililitumia kuwekea unga. Asubuhi alikuwa akiamka saa ile ile, anaketi mezani, mikono juu ya meza, anangoja kengele. Nilikuwa nikimwona kupitia pazia, nikawa najifanya nimelala. Mara mia nilisema leo nitamwambia. Nimesema mara mia? Nimesema kila siku.

Kifua kilimwanza miaka michache baadaye, mvua kubwa zilipokuwa zikinyesha. Hospitali walisema hili, wakasema lile. Nilikaa naye siku kumi na mbili, na katika siku hizo tulikuwa peke yetu saa nyingi kabisa, na nilizungumza juu ya sare, juu ya bati, juu ya karo. Alikufa Alhamisi mchana, nikiwa nimekwenda kuteka maji.

Shule ilitaka nyumba yake, sasa naishi Obunga, mjini Kisumu, na cherehani ile ile. Lakini hiyo ni baadaye. Siku ile tulimpeleka kwao, na kwao wakasimama wale wale mashemeji, wamezeeka, wakasema, "Mama, andika tangazo. Gari linaondoka."

Safari hii karatasi zilikuwapo tele. Nilikuwa na mfuko mzima wa madaftari. Sikuyagusa. Nilifungua kibeti changu nikatoa ile karatasi ya manjano ya kwenye droo, nikaigeuza upande wake mtupu, nikaandika jina lake, mume wa nani, baba wa nani, mwana wa nani, jamaa walioko Nakuru na walioko Mombasa wote wafike. Niliandika "Mwalimu" mara mbili. Nikampa dereva.

Jioni tuliketi uani kando ya magogo. Mtangazaji alisoma vizuri, hakukosea jina hata moja, na langu alilisoma pia. Upande wa pili hakuusoma. Hakuwa na sababu ya kuigeuza karatasi.